UZI: Darubini na skopu ya kudumu. Nimenunua tatu ndani ya miaka saba, ya nne nataka nizeeke nayo

Mtembezi_Naks
Salamu wazee, na akina dada pia. Niko Nakuru, Section 58, kazi yangu ni kutembeza wageni, sanasana Ziwa Nakuru na Elmenteita, Menengai kwa wale wanapenda kupanda, na mara moja moja nafika Kakamega na Saiwa. Nimeandika ndefu mnivumilie juu hii kitu imenikaa rohoni.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi tukapanda Baboon Cliff, mimi na mama mmoja mzee ametoka mbali kuja kuona ndege, safari ameiwekea akiba miaka. Kule chini kwa ile miti ilikaukia majini ziwa lilipopanda kulikuwa na kitu kimekaa, akaniuliza yule ni nani. Nikainua bino nikaona maziwa matupu. Nikapangusa, bado. Ukungu ulikuwa ndani, katikati ya vioo, huko hakuna kitambaa kinafika. Mpaka saa nne jua lilipoipasha ndio ikaanza kuona, na huyo ndege alikuwa ameenda zake kitambo. Yule mama hakulalamika hata kidogo, na hiyo ndio iliniuma zaidi.

Hiyo ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya zumu, 10 mpaka 30, nilitoa 9,000 nikidhani nimepata, ukiivuta mpaka mwisho ni giza na mtetemeko. Ya pili 14,000, ilianguka kutoka kwa kiti cha van, urefu wa goti tu, na tangu siku hiyo kila twiga alikuwa wawili. Hii ya maziwa ni 22,000. Piga hesabu, 45,000 na sina kitu mkononi.

Saa hii nina 60,000 ya darubini, halafu nikijikaza nitafute skopu, ile ya jicho moja ya kuangalia mbali, mwaka ukiisha. Binamu yangu anakuja Disemba kutoka Marekani, yeye ni mtu wa kuwinda huko milimani, anasema wawindaji ndio wanajua vitu vya kudumu juu wanalala nje wiki nzima kwa theluji, nichukue 10x42 kama yake (inavuta mara 10, kioo cha mbele milimita 42) na skopu ya 20-60x85 (inavuta mara 20 mpaka 60, kioo milimita 85). Nataka kusikia kutoka kwa wenye wanatumia kila siku. Nini inaua hizi vitu, na nini inazifanya ziishi?

Isecheno_Asubuhi
Pole sana ndugu, hiyo ya mama mzee nimeisikia mpaka kwa kifua.

Mimi natembea msitu wa Kakamega karibu kila siku. Chukua 8x42. Gawa 42 kwa 8 unapata 5.25, hiyo ni milimita, ndio upana wa ule mwanga unatoka upande wa jicho. 10x42 inakupa 4.2. Mchana kweupe hutaona tofauti, lakini chini ya miti saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mboni ya jicho imefunguka inaomba mwanga, hapo utaona mmoja anataja rangi ya ndege na mwingine anasema tu kuna kitu cheusi kimepita.

Pia ile ya 8 inakuonyesha eneo pana kuliko ya 10. Turako mkubwa wa bluu haruki mara moja akatulia, anakimbia kwa tawi, anaruka, anapotea, anatokea mti mwingine. Ukiwa na ya 10 unabaki kumtafuta. Na mkono pia unatetemeka, ya 10 inakuza ndege na inakuza huo mtetemeko wako, saa za jioni umechoka utaona vile inacheza.

Jambo lingine watu hawaulizi ni inafokasi karibu kiasi gani. Nyingine huanzia mita 4 au 5. Mimi nataka mita 2 ama chini, juu wageni wangu wengi wanataka vipepeo, na kipepeo yuko hapo kwa tope karibu na kiatu.

Boi_wa_Kondele
Kuna ile 60x60 inauzwa 3,500 wanaleta mpaka mlangoni, vioo vyake ni vyekundu, imeandikwa mchana na usiku. Mbona aumie na 60k?

Isecheno_Asubuhi
@Boi_wa_Kondele fanya ile hesabu, 60 gawa kwa 60 ni 1. Milimita moja ya mwanga, hata mchana ungekuwa unachungulia kwa tundu la sindano. Hizo namba zimeandikwa tu, ukiishika utapata inavuta labda mara 8 au 10. Na ule wekundu wa kioo ni mwanga mwekundu unarudishwa nje badala ya kuingia, kwa hivyo kila kitu ndani kinaonekana kijani kijani. Okoa hiyo 3,500 yako ndugu yangu.

Kericho_Montana
Mimi ni mtu wa Kericho, naishi Montana miaka kumi sasa na nawinda kila vuli na leseni yangu, nyama ndio tunakula nyumbani mpaka kiangazi. Binamu hajakosea, ila yeye anaongea kuhusu kwao na wewe unataka kitu cha kwenu.

Huku sehemu kubwa ya kuwinda ni kukaa chini. Unapanda mlima gizani, unakaa mahali unaona mteremko wa ng'ambo, halafu unachana ule mteremko kwa macho polepole, kushoto kulia, kushuka kidogo, tena kushoto kulia, unatafuta sikio au mstari wa mgongo. Kilomita mbili tatu hivi. Hapo 10x42 inaeleweka juu ni mbali na ni wazi, na wengi wetu tunaifunga kwa traipodi, ile stendi ya miguu mitatu, kabisa. Ukiangalia mbele ya ile bawaba ya katikati kuna kifuniko kidogo, ukikifungua darubini nyingi za siku hizi zina tundu la skrubu. Ile siku utaifunga hapo mara ya kwanza utashangaa, darubini ni ileile lakini wanyama wanajitokeza penye ulidhani hakuna kitu.

Skopu huku ni ya sheria pia, sio raha tu. Wilaya nyingi za kuwinda hapa unaruhusiwa elki dume (mnyama mkubwa wa huku mwenye pembe za matawi) mwenye ncha ya pembe ya inchi 4 au zaidi, ile ya nusu ya chini ya pembe. Inchi 4 ni kama sentimita 10. Kwa mbali hiyo ncha huioni na 10x, kwa hivyo unatoa skopu, unangoja ageuze kichwa, ukiwa na shaka unamwacha. Na nitasema hili kwa herufi kubwa, USITUMIE SKOPU YA BUNDUKI KUANGALIA KITU, juu chochote unachokiangalia unakuwa umekielekezea mtutu, na siku moja kitakuwa ni mtu.

Kuhusu uzito. Hiyo ya 85 inakaribia kilo 2 kabla hujahesabu traipodi. Mimi nilianza nayo, mwaka wa pili nikaiacha nyumbani nikanunua ya 65, na sijawahi kuijutia. Kitu kizito kinabaki kwa gari, na kikibaki kwa gari umenunua cha nini.

Mlinzi_Solai
Naongeza tu kwa vijana wanasoma hapa, kuwinda Kenya ni marufuku tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi na adhabu zake ni kali. Huku kwetu hizi vitu ni za kutazama. Endeleeni.

Mtembezi_Naks
Kweli kabisa @Mlinzi_Solai, mimi natafuta ya kutazama tu.
@Kericho_Montana asante mkubwa, hiyo ya kuifunga kwa traipodi sikuwa najua na nimefanya kazi hii muda mrefu.

Fundi_Lenzi_Ksm
Omera, umeuliza nini inaua, wacha nikujibu mimi juu maiti huletwa kwangu. Natengeneza kamera hapa Kisumu tangu enzi za filamu, na darubini zinafuata hapohapo.

Nyingi zinakufa na kuvu. Ile kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu hai. Mbegu zake ziko kila mahali kwa hewa, inangoja unyevu tu, na hapa kando ya ziwa unyevu tunao wa kutosha. Inatoa asidi, ile asidi inakula rangi ya kioo, ile koti nyembamba wamepaka mwanga upite vizuri. Ukiniletea mapema nasafisha inaisha. Ukikaa nayo mwaka, naitoa kuvu lakini alama imebaki kwa kioo na hiyo haina dawa. Na wenye wananiletea zenye zimeoza kabisa karibu wote waliziweka kwa ile mfuko ya ngozi, wakafunga, wakaweka kabatini. Ngozi inashika maji na yenyewe ni chakula cha kuvu.

Kwa hivyo ukinunua, kitu cha kwanza kabla ya jina, kabla ya kioo, ni kama imezibwa. Zile nzuri zina pete za mpira kila penye kuna mwungano, na ndani wametoa hewa wakajaza naitrojeni au agoni. Watu hubishana gani ni bora, usijisumbue, zote ni hewa kavu, kazi ni ya ile mipira. Soma maandishi vizuri: kuhimili manyunyu ni tofauti na kutoingia maji. Ukiona IPX7 maana yake inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30. Yako ya maziwa haikuwa imezibwa, ama ilizibwa vibaya, ikavuta unyevu miezi na miezi ukaja kugeuka ukungu hiyo asubuhi ya baridi.

Ugonjwa wa pili ni ule wa twiga wawili. Ndani kuna prizimu, vipande vya kioo vinageuza picha ikae wima. Kwa zile za bei ya chini prizimu imeshikwa na gundi au kibati chepesi, ikigongwa inasonga kidogo sana, huwezi hata kuona kwa macho, lakini pande mbili haziangalii tena mahali pamoja. Nyingine nazirudisha, kuna skrubu ndogo chini ya mpira. Nyingine hazina hata hizo skrubu.

Sasa hapa nitasema kitu wengine hawatapenda. Zile za zamani za mabega mapana, za prizimu ya Porro, yule Mwitaliano aliisajili 1854 na kampuni ya Zeiss wakaanza kuuza darubini zake 1894, hizo mimi nazipenda. Kuna mzee wa kanisa aliniletea moja ya Zeiss aliachiwa na padre, umri wake unanizidi mimi, nikaifungua asubuhi, nikaosha kila kioo, nikapaka grisi mpya, jioni akaenda nayo na picha ilikuwa safi ya kupendeza. Hiyo inatengenezeka milele. Zile mpya zilizonyooka kama bomba mbili, za prizimu ya paa, nikizifungua hapa mezani sina naitrojeni ya kurudisha, kwa hivyo siguzi. Lakini ile ya zamani italetwa kwangu kila mvua ikipita, na hii mpya huenda usiniletee kabisa. Kwa mtu wa kazi ya kila siku nje kwa mvua, chukua iliyozibwa. Kwa mzee anatazama ndege akiwa veranda, Porro nzuri inatosha na ni bei nafuu kwa picha ileile.

Ukiamua prizimu ya paa hakikisha wameandika ina koti ya fezi. Bila hiyo picha inakuwa laini laini haina makali, hata kama kioo ni kizuri.

Mtembezi_Naks
Fundi nimesoma mara tatu. Nikinunua iliyotumika naipimaje?

Fundi_Lenzi_Ksm
Beba tochi. Washa upande wa kioo kikubwa, chungulia ukiinamisha kidogo kidogo, kuvu na vumbi vitajionyesha. Halafu tafuta waya wa stima ulio mbali, uangalie, kisha ondoa darubini polepole kutoka kwa macho mpaka sentimita kumi hivi. Waya ukibaki mmoja ni sawa, ukivunjika huku juu huku chini, rudisha. Ishike mbali na uso uielekeze kwa mawingu, yale maduara mawili ya mwanga yawe mviringo kamili, yakiwa na pembe prizimu ni ya daraja la chini. Zungusha gurudumu la kufokasi mpaka mwisho na urudi, likiruka au kukwaruza kuna mchanga ndani. Kama umevaa miwani, vaa hiyo miwani wakati unapima, uhakikishe unaona duara zima, tafuta yenye jicho linakaa milimita 16 au zaidi kutoka kwa kioo.

Dunga_Mapema
Mimi nakaa kwa mashua, mafunjo ya Dunga hapa Kisumu, saa kumi na mbili natafuta yule ndege gonoleki wa mafunjo na wageni. Kitu kimoja hakuna mtu amegusia, DAWA YA MBU. Ile yenye DEET inayeyusha plastiki na mpira. Unajipaka mkono, unashika darubini, baada ya miezi sita ngozi yake inanata kama ulimbo na maandishi yametoka. Ya kwanza yangu ilikufa hivyo nikilaumu jua. Sasa najipaka na kiganja kimoja, naosha, ndio nashika. Jua nalo lina kesi yake, usiiache kwa dashibodi.

Kwako Nakuru kuna lile vumbi la magadi likikauka ufukoni. Ukipangusa kioo na shati unasugua na msasa. Puliza kwanza, kama imezibwa mwagia maji safi polepole, halafu kitambaa laini mwisho kabisa. Ila hakikisha imezibwa kweli.

Na tupa ile kamba ya shingo, nunua ile ya mabegani inapita mgongoni kama ya mkoba. Darubini inakaa kifuani haigongi mashua ukiinama, na shingo yako itakushukuru. Kuanguka ndio kunaua zaidi ya mvua kwa hesabu yangu mimi.

Mtembezi_Naks
Hapo kwa darubini nimeelewa, 8x42 ya prizimu ya paa, imezibwa, koti ya fezi, waranti ya maana. Sasa skopu.

Mwalimu_Saiwa
Ndugu, nafundisha karibu na Kitale na wikendi napeleka wanafunzi Saiwa, tunakaa kwa yale majukwaa ya mbao juu ya kinamasi tukimngoja nzohe, yule swala wa kinamasini, atoke kwa matete. Tuna skopu moja kwa watoto thelathini, kwa hivyo nimejifunza kwa lazima.

Chukua ya jicho lililoinama, yaani pale pa kuchungulia pamekaa mshazari, sio iliyonyooka. Mtoto mfupi na mgeni mrefu wote wanaangalia bila kupandisha na kushusha miguu kila dakika, unaweka traipodi chini ya urefu wa mfupi, na traipodi iliyo chini haitetemeki sana. Iliyonyooka ni nzuri kwa dirisha la gari na kwa wawindaji kama wa Montana pale, juu unaelekeza haraka unaona mahali ulikuwa unaangalia.

Hiyo 60x wanayoisifu, wewe wa Ziwa Nakuru utaitumia saa ngapi? Kufika saa tatu na nusu asubuhi ardhi imepata moto, hewa juu ya ufuko inacheza, flamingo wanakuwa kama wamechorwa kwa maji. Ukiongeza mvuto unaongeza ile mchezo. Mchana mimi sivuki 30. Na ukiangalia hesabu ya mwanga, ya 65 nyingi huishia mvuto wa 45, 65 gawa kwa 45 ni 1.44, 85 gawa kwa 60 ni 1.42, zote giza ni moja ukifika mwisho. Kubwa inakupa faida alfajiri na jioni, na kama unahesabu ndege wadogo wa ufukoni mbali sana. Kama hutembei mbali na gari, sawa, beba. Unapanda Menengai? 65.

Lakini pesa weka kwa traipodi. Nimeona mtu na skopu ya bei ghali ya Swarovski juu ya miguu mitatu ya simu, anaona tetemeko tu. Tafuta yenye kichwa kinachosonga laini kama kimewekwa mafuta, usipandishe ule mlingoti wa katikati, tundika mkoba chini yake upepo ukivuma. Ukiwa kwa gari zima injini, na uwaambie wageni wasisonge.

Kericho_Montana
Mwalimu amesema ukweli mtupu. Kuhusu waranti, Vortex wana ile ya maisha yote, haiulizi risiti na inahama na mwenye kununua baadaye, isipokuwa wizi, kupoteza au kuharibu makusudi. Ukiwa Kenya lakini kumbuka lazima mtu aisafirishe na airudishe, kwa hivyo hesabu hiyo nauli kwa akili yako. Swarovski, Leica na Zeiss za juu kabisa ni zaidi ya dola elfu mbili, vioo vyake nimevishika na ni vya ajabu, ila kwa 60,000 hivi kuna daraja la kati, Nikon Monarch M7 ama Vortex Viper, zimezibwa na kioo ni cha ED. Tofauti ya ED utaiona ukimwangalia furukombe, kichwa chake cheupe kwa anga, hutaona ile mstari wa zambarau pembeni.

Mtembezi_Naks
MREJESHO, Januari.

Binamu alifika na Monarch M7 8x42. Tulibishana naye jioni nzima kuhusu ya 10, nikamwambia tupande wote Menengai alfajiri na yake na yangu. Baridi ilikuwa kali, mkono unatetemeka, nikampa yangu aangalie mwewe anazunguka ndani ya kreta, akanyamaza muda mrefu halafu akasema sasa ameelewa. Yake tuliifunga kwa traipodi vile @Kericho_Montana alisema, na hapo ya 10 ikatushinda sote kwa uzuri, tuliona nyani upande wa pili wa ukuta.

Waya wa stima nimeuangalia, ni mmoja. Nimenunua ndoo ya mfuniko wa kukaza, ndani nimeweka zile punje za silika zinazobadilika rangi, usiku inalala humo. Kamba ya mabegani nimeshonewa na fundi wa mikoba hapa mjini. Skopu nimepata ya 65 ya jicho lililoinama, imetumika, nimeipima na tochi, na traipodi nimenunua mpya, ilinigharimu karibu nusu ya skopu yenyewe na nimelipa kwa roho safi.

Yule mama mzee nimemwandikia. Anataka kurudi mwezi wa nne tena, wakati uleule wa mvua.

Dunga_Mapema
Mlete na huku. Nitamtafutia yule gonoleki.

Boi_wa_Kondele
Hizo punje zikibadilika rangi unatupa?

Fundi_Lenzi_Ksm
Hapana, unazikaanga kwa sufuria kavu, moto wa chini, mpaka rangi irudi, zikipoa unarudisha kwa ndoo. Na wewe @Mtembezi_Naks, usifungue hata skrubu moja ya hiyo Nikon. Mvua ya mwezi wa nne ikija ukaona ukungu ndani, mpe binamu airudishe ilikotoka, usiniletee mimi.